Je, Wajua? Pedali ya Mkwaruzo kwa Mwenye Ampu ya Transista

Je, wajua kwamba mkwaruzo wa gitaa la umeme, sauti ambayo leo watu huitolea fedha dukani, ulizaliwa kwenye vyombo vibovu? Mwaka 1951 bendi ya Ike Turner ilikwenda Memphis, Marekani, kurekodi "Rocket 88". Ampu ya mpiga gitaa Willie Kizart ikaharibika safarini. Studioni kwa Sam Phillips wakashindilia karatasi kwenye koni ya spika na kurekodi hivyo hivyo. Wimbo ulitoka na gitaa zito linalokwaruza, ukapanda hadi nambari moja kwenye chati ya R&B.

Je, wajua kwamba baada ya hapo watu walianza kuharibu spika kwa makusudi? Link Wray alitoboa zake kwa ajili ya "Rumble" ya 1958. Dave Davies wa The Kinks alichukua wembe akachana spika ya kiampu chake kidogo cha Elpico, na ndiyo sauti ya "You Really Got Me" ya 1964.

Je, wajua kwamba pedali ya kwanza ya fazi kuuzwa madukani iliiga hitilafu ya mixa? Nashville, katika kurekodi "Don't Worry" ya Marty Robbins, wimbo uliotoka 1961, transfoma ya chaneli moja ilikufa wakati Grady Martin anapiga solo, sauti ikatoka ikikwaruza. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakuitupa sauti ile. Aliichunguza, akaunda sakiti ya kuizalisha upya, na mwaka 1962 Gibson ikaitoa kwa jina la Maestro FZ-1 Fuzz-Tone. Mauzo yalidorora mpaka 1965, Keith Richards alipoitumia kwenye "Satisfaction", hapo ikagombaniwa. Ndani yake mlikuwa na transista tatu za germaniamu na betri mbili za volti 1.5. Vali haikuwemo hata moja.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu ndipo nilipo na hoja yangu. Utawasikia wapiga gitaa wakisema ampu ya transista haina roho, na kwamba mkwaruzo wa kweli hutoka kwenye vali, zile glasi zinazowaka ndani ya ampu za zamani. Lakini fazi ya 1962 ilikuwa ya transista. Pedali karibu zote zilizoujenga muziki wa roki hutumia transista, daiodi na chipu. Kijana mwenye ampu ya transista ya wati 15 hana sababu ya kuona haya. Anachohitaji ni kujua mkwaruzo wake unatengenezwa wapi, kisha achague pedali kwa kufuata jibu hilo.

Je, wajua mkwaruzo wenyewe ni nini? Waya ukitikisika, pikapu hutoa mawimbi ya umeme mdogo, kwa kawaida chini ya volti moja. Sakiti huyakuza mpaka yafike ukomo wake, na yakifika, vilele hukatwa. Vikikatwa taratibu, kingo zikabaki za mviringo, sauti huwa laini na nene: hiyo ni ovadraivu. Vikikatwa ghafla vikawa tambarare, sauti huwa na meno: hiyo ni distoshani. Wimbi likikatwa mpaka likakaribia umbo la mraba, umeingia kwenye fazi. Zile kona mpya za wimbi ndizo zinazozaa haamoniki, sauti za juu zinazofanya noti moja isikike kubwa na kujaa.

Fungua Boss DS-1, ile ya rangi ya chungwa iliyotoka 1978, uangalie bodi yake. Kati ya vipande vyote vile, tafuta daiodi mbili ndogo za kioo, kila moja kama punje ya mchele, zimefungwa kwa kuelekeana kinyume. Moja hukata nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini. Hapo ndipo penye kazi. Kurt Cobain alikuwa na pedali hii, na Joe Satriani na Steve Vai pia waliitumia, na watatu hao hawafanani sauti hata kidogo.

Je, wajua kwamba aina ya daiodi hubadilisha tabia ya pedali? Ya germaniamu huanza kukata kwenye volti 0.3 hivi, ya silikoni kwenye 0.6 au 0.7, na taa ndogo nyekundu ya LED kwenye volti 1.7 hivi. Kadiri ukomo unavyokuwa juu, ndivyo pedali inavyotoa sauti kubwa na wazi zaidi, na ndivyo inavyohitaji kusukumwa zaidi kabla haijakwaruza.

Boss OD-1 ya 1977 ilitumia daiodi tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili. Pande mbili za wimbi hazikatwi sawa, na hapo zinaongezeka haamoniki shufwa, zikiwemo oktavu za noti yenyewe. Mdogo wake SD-1 wa 1981 amerithi mpango huo, na ni miongoni mwa pedali za bei nafuu za kampuni ile.

Je, wajua kwamba ujanja maarufu wa Tube Screamer haukukusudiwa ampu yako? Pedali hiyo ya kijani ilibuniwa Japani na Susumu Tamura wa Maxon, ikauzwa kwa jina la Ibanez kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Stevie Ray Vaughan na wengine waliifanya isifike kwa kuipiga kwenye ampu za vali zilizofunguliwa kwa nguvu. Wengi huweka nobu ya mkwaruzo, Drive, chini na ya ukubwa wa sauti, Level, juu. Pedali inakuwa msukuma tu. Mkwaruzo mwingi unatoka kwenye vali zilizolemewa. Ukifanya hivyo kwenye chaneli safi ya ampu ya transista, litatokea moja kati ya mawili: sauti itapanda bila kukwaruza, au sakiti itagonga ukomo wa umeme wake na kukata vilele ghafla, kwa ukali unaochosha masikio.

Tena Tube Screamer hupunguza ukuzaji wa kila kilicho chini ya hezi 720 hivi. Waya mnene wa gitaa, E ya chini, uko kwenye hezi 82. Yaani sehemu kubwa ya uzito wa gitaa lako haikwaruzwi sana, na sauti za kati ndizo zinazosukumwa mbele. Kwenye ampu ya vali yenye besi ya kufurika, upungufu huo ni neema. Kwenye ampu ya transista iliyo safi na nyembamba, unaweza kubaki na sauti ya puani. Siikatai pedali hii hata kidogo, na nitaeleza chini mahali pake. Ninachokataa ni kuinunua iwe pedali ya kwanza na ya pekee kwa sababu tu ya sifa zake.

Je, wajua kwamba ProCo RAT, iliyozaliwa Kalamazoo, Michigan, mwaka 1978, ina nobu inayofanya kazi kinyume na ulivyozoea? Inaitwa Filter. Ukiizungusha kulia, sauti kali za juu zinapungua. Wengi huijaribu dukani, wanaigeuza kulia wakitafuta ung'avu, wanapata giza, wanairudisha kwenye rafu. Kwa mwenye ampu ya transista, nobu hiyo ni hazina, kwani kinachosumbua ampu hizi mara nyingi ni ukali wa juu, na hapa una njia ya kuufuta. RAT hujitosheleza: hukata vilele kwa daiodi zake yenyewe, ina ukuzaji mwingi, na chipu ya LM308 ya matoleo ya kwanza ilikuwa ya kasi ndogo, jambo lililosaidia kulainisha kingo. Kama ningeulizwa pedali moja ya kumpa mtu asiyejua aanzie wapi, ningemwekea RAT mkononi.

Kwa mkwaruzo mwepesi zaidi, wa bluzi au wa kupamba kodi bila kuzivuruga, jaribu Boss BD-2 ya 1995. Haibani besi kama Tube Screamer, na hufuata mkono: ukipiga kwa upole inatulia, ukikaza inafoka.

Je, wajua kwamba moja ya ampu zinazoheshimiwa kuliko zote duniani ni ya transista? Roland JC-120 Jazz Chorus ilitoka Japani mwaka 1975. Ina wati 120, yaani ampu mbili za wati 60 katika sanduku moja, na spika mbili za inchi 12. James Hetfield wa Metallica ameitumia kwa sehemu zake safi. Distoshani yake ya ndani haijawahi kupendwa, lakini usafi wake ndio unaofanya watu waiite karatasi nyeupe: chochote ulichonacho sakafuni, itakionyesha kama kilivyo. Pedali nzuri itasikika nzuri. Pedali mbaya haina pa kujificha.

B.B. King alipiga miaka mingi kwa Lab Series L5, ampu ya transista. Dimebag Darrell wa Pantera alijenga ngurumo yake kwa ampu za transista za Randall, na ngurumo hiyo bado inaigwa.

Je, wajua kwa nini kodi ya noti mbili, ile ya noti ya kwanza na ya tano, hunguruma vizuri namna ile kwenye distoshani? Noti hizo zina uwiano wa 2 kwa 3. Sakiti inayokata vilele huchanganya mawimbi na kuzaa sauti mpya kwenye jumla na tofauti zake. Chukua E ya hezi 82.4 na B ya hezi 123.5: tofauti yake ni hezi 41 hivi, ambayo ni E nyingine, oktavu moja chini. Umepata besi ambayo hukuipiga. Sasa ongeza noti ya tatu ya kodi kamili: tofauti zinakuwa nyingi na hazikai pamoja vizuri, kodi inachafuka. Ndiyo maana wa metali hupiga noti mbili, na ndiyo maana mpiga rumba anayetaka kodi zake zisikike zote ashike ovadraivu ya chini sana au abaki na sauti safi.

Hapa kwetu gitaa la dansi na rumba limejengwa juu ya sauti safi, solo na rizimu zikizungumza bila kukanyagana, na sioni sababu ya kulibadilisha kwa nguvu. Lakini fazi ilikuwa jirani siku nyingi. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na Zamrock yake, bendi kama WITCH na Amanaz zikipiga fazi nzito, na Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga ilikuja kurekodi Nairobi. Kinshasa nako, Konono N°1 ya Mawangu Mingiedi ilikuza likembe kwa vyombo vya kujitengenezea, mkwaruzo wa vyombo hivyo ukawa ndio sahihi yao. Dunia ikausikia kwenye albamu ya Congotronics ya 2004.

Je, wajua kwamba spika ya gitaa ni sehemu ya mkwaruzo? Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hushuka haraka baada ya hezi 5,000 hivi. Distoshani huzaa haamoniki zinazopita hapo mbali, na spika huzizuia. Chomeka pedali hiyo hiyo moja kwa moja kwenye mixa, kama inavyofanyika makanisani na kumbini, au kwenye ampu ya kinanda yenye twita, na zote zitatoka: utasikia mlio kama nyuki waliofungiwa. Pedali haina kosa. Kwa mpigaji wa mazingira hayo, tafuta yenye sakiti inayoiga spika. Tech 21 ya New York ilianza kuuza SansAmp yake mwaka 1989 kwa kazi hiyo hiyo, na leo ziko nyingi za bei tofauti.

Je, wajua kwamba pedali mbili zinaweza kukupa kile ambacho ampu yako haiwezi? Sasa turudi kwa Tube Screamer. Weka RAT au DS-1 mwisho, ikwaruze kiasi. Weka Tube Screamer au SD-1 mbele yake, Drive chini, Level juu. Msukuma amepata tena kitu cha kukisukuma. Besi inakazwa kabla ya kufika kwenye daiodi za pedali ya pili, noti zinakuwa na mipaka, na solo inatoka mbele ya bendi. Nafasi ya vali imechukuliwa na pedali iliyo nyuma.

Kama una ikwalaiza, mahali unapoiweka pana uzito. Kabla ya distoshani hubadilisha kinachokwaruzwa. Baada ya distoshani hubadilisha sauti iliyokwisha kukwaruzwa. Punguza besi kabla, iongeze baada: ngurumo inabaki, matope yanaondoka.

Je, wajua kwamba Boss MT-2 Metal Zone ya 1991, inayotukanwa kila kona, ina nobu ya kuchagua sauti za kati kuanzia hezi 200 hadi 5,000? Wengi hufuta sauti za kati zote, kisha hushangaa gitaa limepotea ngoma ikianza. Acha sauti za kati. Na kama ampu yako ina tundu la nyuma lililoandikwa Return, jaribu kuchomeka pedali hapo: unaruka sakiti ya mbele ya ampu, na MT-2 inafanya kazi ya ampu ya awali. Njia hiyo imebadilisha maoni ya watu wengi juu ya pedali hii. Anza na Level chini kabisa, maana sauti inaweza kuja yote kwa mara moja.

Je, wajua kwamba masikio hudanganywa na ukimya? Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha kwamba kwa sauti ndogo, sikio husikia besi kidogo mno, na sauti za juu nazo hupungua. Ndiyo maana chumbani usiku unaongeza besi na ukali mpaka uridhike. Ukifika kwenye mazoezi na kufungua sauti, mpangilio ule ule unavuma na kuchoma. Panga pedali kwa sauti utakayopigia.

Na usitarajie mengi kutokana na wati pekee. Ili sauti isikike kubwa maradufu, kwa makadirio ya kawaida, unahitaji nguvu mara 10: kutoka wati 10 hadi 100. Wati 15 zinatosha nyumbani, ila mbele ya mpiga ngoma utafungua ampu mpaka ikate vilele yenyewe, na huo ni mkwaruzo ambao hukuuchagua.

Je, wajua kwamba transista za germaniamu hubadilika kwa joto? Umeme unaovuja ndani yake huongezeka kadiri joto linavyopanda. Pedali za kwanza za Fuzz Face za London, za 1966, aina aliyoipenda Jimi Hendrix, zilikuwa na tabia hiyo. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anayepiga jukwaa la wazi mchana atapata raha zaidi na fazi ya silikoni. Aina yoyote ile, fazi ya namna hiyo itangulie karibu na gitaa, kabla ya pedali nyingine, kwa sababu hutaka kuongea na pikapu moja kwa moja.

Ukienda kununua, beba gitaa lako. Omba ujaribu kwenye ampu ya transista, hata kama muuzaji ana ya vali anayojivunia. Sawazisha kwanza: pedali ikiwashwa na ikizimwa, sauti iwe sawa kwa ukubwa, maana yenye kelele zaidi hushinda kila shindano la dakika moja. Kisha shusha volyumu ya gitaa hadi 5 usikilize kama mkwaruzo unapungua kwa heshima au sauti inafifia tu. Piga kodi ya noti tatu. Piga noti moja uiache ife. Sikiliza inavyokufa: pedali mbovu hukatakata mwisho wa noti.

Je, wajua kwamba adapta ya ruta ya intaneti inaweza kuiua pedali? Pedali nyingi hutumia volti 9, na ncha ya katikati ya plagi ni hasi. Adapta nyingi za nyumbani zina chanya katikati, na plagi inaingia vizuri kabisa. Soma mchoro mdogo wa duara ulio kwenye kibandiko kabla ya kuchomeka. Angalia pia upande wa ukutani: adapta iliyokuja na pedali kutoka Japani inaweza kuwa ya volti 100, ya Marekani 120, wakati soketi ya Tanzania ina 230 na ya Kenya 240. Na kama unatumia betri, chomoa kebo kwenye tundu la Input ukimaliza kupiga. Kwenye pedali nyingi jeki hiyo ndiyo swichi ya umeme: ikibaki ndani usiku kucha, hata taa ikiwa imezimwa, betri inaendelea kuliwa.